Kupandisha Ruaha: siku nane kutoka Mtera mpaka kwenye baridi ya Matamba

Hii safari ilianzia kwenye giza. Mwishoni mwa 2022, ule mgao wa umeme mnaukumbuka, mi nimekaa sebuleni Dar na mshumaa, redioni jamaa anasema mabwawa yameshuka, mto Ruaha Mkuu umekauka, wavamizi wa vyanzo vya maji waondoke. Nikawa najiuliza hivi hao wavamizi ni akina nani hasa, maana kila mwaka wanatajwa na kila mwaka mto unakauka. Nikaliweka kichwani. Oktoba mwaka jana nikapata likizo nikasema naenda, naanzia chini kwenye bwawa napandisha kinyume cha maji mpaka yanapotokea. Gari sina, kwaiyo basi, Noah, bodaboda, na pengine miguu.

Siku ya 1: Dodoma hadi Iringa

Basi la asubuhi, siti ya dirishani, jua upande wangu, kosa langu mwenyewe. Mtera unaifikia kama katikati ya safari, mpaka wa Dodoma na Iringa, na kabla hujaona maji unasikia harufu ya samaki maana wanauza perege wakavu pale barabarani, wanakusogezea beseni mpaka usoni. Bwawa lenyewe lilikuwa limerudi nyuma, tope limepasuka pasuka pembezoni, na ile miti iliyozamishwa tangu bwawa linajengwa imesimama imekufa, kila tawi na ndege wake.

Hapa pana mashine za megawati 80. Maji yakishapita yanashuka tena mpaka Kidatu kule Morogoro, megawati 204, halafu yanaenda kuungana na Rufiji. Siku hizi huko Rufiji tuna Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 kwaiyo watu washaanza kusahau habari za Mtera, na ni kweli Ruaha Mkuu unachangia kama asilimia 15 tu ya maji ya Rufiji, mwenye mzigo mkubwa ni Kilombero. Ila Mtera na Kidatu hazina Kilombero. Zina Ruaha tu basi.

Nikanunua perege wa buku tano. Nilikuja kuwajutia usiku kwenye chumba cha gesti kisicho na dirisha.

Siku ya 2: Iringa hadi Tungamalenga

Siku ya vumbi. Ukifika Iringa jifunze neno moja tu, "kamwene", ukilisema watu wanakuwa ndugu zako. Daladala ya Tungamalenga ilijaza mpaka kondakta akaning'inia nje, kuna mama kanipa mtoto wake nimpakate bila kuniuliza, akalala mapajani kwangu mpaka Idodi. Barabara moja ya kwenda hifadhini wameibatiza barabara isiyo na mwisho, imenyooka kama rula. Jioni nikapata kikundi cha wanachuo wanne waliokodi gari la kesho, nikachangia.

Siku ya 3: Ruaha, mto wa mchanga

Kiingilio cha Mtanzania hakifiki elfu kumi, sijui kwa nini hatuendi.

Sasa nielezee nilichokiona maana ndicho kilichonibakia. Unavuka daraja la Ibuguziwa, unatazama chini ukitegemea mto, unakuta barabara. Barabara pana ya mchanga mweupe yenye nyayo. Dereva akatupeleka mbele kidogo kwenye kona ambapo kumebaki dimbwi, si kubwa, kama uwanja wa basketi hivi, na ndani yake viboko, nilihesabu hadi 40 nikakata tamaa maana wamelaliana migongo. Yale hayakuwa maji tena, ni uji wa kijani, mavi na matope, na ile harufu ilikaa kwenye shati langu mpaka Rujewa. Pembeni mamba wamelala midomo wazi. Kiboko mmoja mdogo alikuwa hajapata nafasi ya kuzama, mgongo umekaushwa na jua mpaka una nyufa za pinki. Hakuna aliyeongea ndani ya gari, hata yule dada aliyekuwa anapiga selfi tangu getini.

Mbele tena tukakuta tembo jike na mtoto wake katikati ya mto mkavu. Jike anachimba kwa mguu wa mbele, anasukuma mchanga nyuma, anaingiza mkonga, anasubiri. Anasubiri kweli, kama mtu anayesubiri bomba la mtaa. Maji yakijikusanya anavuta anakunywa, afu ndo mtoto anasogea.

Dereva wetu, mtu mzima, yuko huku miaka mingi, akasema zamani mto ulikuwa unapungua tu, haukati. Kukata kumeanza 1993. Toka hapo kila kiangazi unakata, mwaka mwingine wiki kadhaa mwaka mwingine miezi. Akasema kitu kingine nikakiandika kwenye simu: "Hapa ndo mwisho wa foleni. Sisi tunakula kilichobaki sufuriani."

Siku ya 4: kurudi Iringa, kusoma sheria

Mgongo unauma. Nilishinda mjini nikisoma sheria kwenye simu, usinicheke. Iringa ndo makao ya Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, ndo wanaotoa vibali vya kutumia maji, na kibali kinaandikwa kwa lita kwa sekunde. Nilichokuwa sikijui ni hiki: Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imepanga foleni. Kwanza maji ya binadamu ya nyumbani. Pili mazingira, yaani mto wenyewe ubakiwe na maji yake. Wengine wote, mashamba, umeme, viwanda, wanafuata. Soma tena, mto uko namba mbili! Juu ya mpunga, juu ya umeme wangu wa Dar. Afu kuna Sheria ya Mazingira ya 2004 yenye zile mita 60, hakuna shughuli ya kudumu ndani ya mita 60 toka kingo za mto au chanzo.

Na ahadi zipo. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati ule, Frederick Sumaye, aliahidi kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima. Hiyo 2010 imepita, mi jana nimeona tembo anachimba kisima.

Siku ya 5: Mafinga hadi Madibira

Hii siku ingekuwa ya masaa manne ikawa ya masaa kumi. Noah ilipata pancha mara mbili na spea ilikuwa moja. Tairi la pili tukakaa porini tunamsubiri jamaa arudi na bodaboda, ndo nikapata kuongea na mama mmoja mfanyabiashara wa kabichi, na yeye swali lake la kwanza: "We kaka ni wa Bonde?" yaani wa ile Bodi ya Maji. Nikamwambia hapana mama, natembea tu. Hakuniamini. Hili swali nimeulizwa safari nzima, wa Bonde, wa hifadhi, wa maliasili. Ukija na begi na maswali lazima utakuwa wa mahali.

Tulipoamini­ana akaniambia habari za vinyungu. Kama hujui, vinyungu ni vile vibustani vya mabondeni, nyanda hizi watu wanalima tangu mababu, kiangazi nchi nzima imekauka ila bondeni pamebaki unyevu, unapanda mahindi, maharage, mboga, ndo ada ya shule inapotoka. Ikaja amri, vinyungu marufuku, mita 60. Akasema, namnukuu nilivyomuelewa, mi mwenye jembe nafukuzwa, ila milingoti, yaani mikaratusi, imepandwa mpaka kwenye chemchemi na hakuna anayeifukuza, sa mlingoti na kabichi yangu nani anakunywa sana? Kweli tulivyotoka Mafinga nilikuwa naiona, mistari kwa mistari, inashuka mpaka bondeni kabisa. Mlingoti unavunwa kwa nguzo na mbao, una mwenyewe mwenye cheo, kabichi ina huyu mama. Sikuwa na la kumjibu nikanunua kabichi, kabichi ambayo sikuwa na pa kuipika.

Madibira tumeingia usiku. Mto Ndembera tumeuvuka gizani, nikasikia tu maji chini, kidogo.

Siku ya 6: Rujewa, Ubaruku, na GN 28

Ukishuka Usangu joto linakuvaa. Bonde limekaa kama sinia, milima imelizunguka upande wa kusini, na mito yote inamwagika humu ndani: Ndembera, Mbarali, Kimani, Chimala, na Ruaha Mkuu wenyewe. Inapita kwenye mashamba, kinachobaki kinaingia ardhioevu ya Ihefu, na Ihefu inatolea maji sehemu moja tu, penye mwamba kama kizingiti, Ng'iriama. Maji ya Ihefu yakishuka chini ya kizingiti, mto huko hifadhini unakata. Mara moja. Ni kama beseni lenye tundu juu.

Ubaruku ni mji wa mpunga. Mashine za kukoboa zinanguruma mtaa mzima, pumba zimerundikwa kama vichuguu, madalali wanachovya mkono kwenye gunia wananusa. Lumbesa bado ipo, gunia lina kilemba, sheria ya vipimo inajulikana na inachekwa. Nikala ubwabwa wa Ubaruku na maharage, jamani, mchele unanukia mpaka unamsamehe kila mtu.

Ila kijiweni kwenye kahawa mada ni moja: GN 28. Hata mtoto wa shule anaijua. Ni tangazo la serikali la 2008 lililoliingiza Pori la Akiba la Usangu na maeneo jirani ndani ya Hifadhi ya Ruaha, hifadhi ikafika kilometa za mraba 20,226, kipindi kile kubwa kuliko zote nchini. Kwenye ramani ya serikali kule Dodoma ni mstari. Hapa ni shule, zahanati, makaburi ya bibi. Kabla yake, 2006, ilishapita oparesheni ya kuondoa mifugo Ihefu, wafugaji wakaswagwa na ng'ombe wao mpaka Lindi na Kilwa huko, ng'ombe wengi wakafia njiani. Mzee mmoja, mfugaji, kahawa mkononi, akasema: "Walisema ng'ombe ndo wanakunywa mto. Tukaondoka. Mto ulirudi?" Wote kimya, maana jibu linajulikana, kiangazi kilichofuata ulikata vilevile.

Oktoba 2023 mpaka ukarekebishwa kwa tangazo jingine, wengine wakapumua wengine bado. Halafu ule mradi wa kukuza utalii kwenye hifadhi za kusini, Ruaha ikiwemo, mkopo wa Benki ya Dunia dola milioni 150, ukasitishwa Aprili 2024 na Novemba ukafutwa, baada ya wananchi wa huku kupeleka malalamiko ya kuhamishwa na kupigwa. Kijiweni kuna wanaosema safi na kuna wanaosema barabara yetu ndo imeondoka hivyo. Niliondoka wakiwa bado wanabishana.

Siku ya 7: kwenye banio

Hii ndo siku niliyoifuata bila kujua.

Banio kwa wasiojua ni pale mto unapozuiwa ili maji yaingie mfereji mkuu wa mashamba. Nilipelekwa na bodaboda, dakika arobaini za matuta, mpaka kwa mzee mgawa maji wa skimu moja ya umwagiliaji, sitaitaja. Shikamoo mzee. Marahaba, wewe ni wa Bonde? Tukaanza hapo.

Banio ni ukuta wa zege umekata mto toka ukingo hadi ukingo. Upande wa kushoto kuna mageti mawili ya chuma yenye usukani wa kuzungusha kama wa meli, mmoja umeliwa kutu, mwingine umefungwa mnyororo na kufuli, ufunguo uko kiunoni kwa mzee. Ukutani pana ubao wa kupimia kina, ule wenye namba, rangi imebanduka, inasomeka 4 na kipande cha 7. Kile kibali cha lita kwa sekunde kinasimamiwa na huo ubao. Nikamuuliza mzee unajuaje lita? Akatazama maji, akasema "Kwa macho."

Upande wa juu wa ukuta, maji, sio mengi ila yanatembea. Upande wa chini mawe makavu, na katikati ya mawe mchirizi ungeweza kuuvuka ukiwa umevaa soksi. Maji yote yameingia mferejini.

Nikasema mzee lakini Oktoba hakuna mpunga shambani, majaruba yamekauka, kuna mabua tu na ng'ombe wanatafuna, sa haya maji yanaenda wapi? Akanipeleka tukafuata mfereji kwa miguu. Mfereji ni wa udongo, una magugu hadi kiunoni, kwenye nyufa maji yanazama. Tukakuta kina mama wanafua. Mbele vijana wanafyatua tofali. Mbele mbuzi. Mbele bustani ya nyanya na kijana mwenye pampu. Mbele tena jamaa washaanza vitalu vya mpunga mapema kabla ya mvua, maana anayewahi kuvuna ndo anakuta bei nzuri, wakivuna wote bei inalala. Baada ya kama saa moja na nusu ya kutembea mfereji ukawa tope, afu ukawa vumbi. Yote yameisha hapo. Mto mzima umegawanywa kwenye ndoo, tofali, mbuzi na jua.

Mzee akaeleza vizuri kuliko ripoti yoyote. Akasema banio la zamani tulijenga wenyewe, miti, mawe, nyasi na mifuko ya mchanga. Kila masika mto unalibeba, tunajenga tena. Tukasema tumechoka, mradi ukaja ukatujengea la kisasa, tukashangilia, ng'ombe alichinjwa. "Sasa lile la zamani lilikuwa linavuja. Mto ulikuwa unapata chake pale pale kwenye kuvuja. Hili la zege halivuji."

Nilikaa chini kwenye ukuta kabisa.

Maana wote tuliambiwa kinyume, kwamba wakulima wakipata miundombinu ya kisasa watatumia maji kwa ufanisi na mto utapona. Masika ni sawa, maji mengi, hakuna ugomvi. Kiangazi lile zege linaweza kuchukua mpaka tone la mwisho na linalichukua.

Nikamwambia si ufunge geti mzee, sheria inasema mto uko namba mbili. Akacheka. "Namba moja ni nani?" Binadamu. "Haya, hao kina mama uliowaona kule wanafua na kuchota, kisima hawana. Nikifunga geti hili leo, jioni wanakuja na ndoo nyumbani kwangu, na mke wangu yumo." Kwaiyo geti linaachwa wazi kupeleka ndoo mia kadhaa za maji ya nyumbani, na ili ndoo hizo zifike kilometa kadhaa huko inabidi mto mzima usindikize.

Mi sio mtaalamu, ila nasema hivi: vijiji vya mwisho wa mifereji vichimbiwe visima virefu vyenye pampu za sola, halafu kiangazi mageti yafungwe, ufunguo uwe kwa jumuiya ya watumia maji na nakala kwa Bonde. Mzee atafunga mwenyewe bila askari. Kisima hakina utepe wa kukata wenye kamera nyingi kama oparesheni, labda ndo shida.

Tulirudi kwake tukala. Ubwabwa tena, na mlenda. Kabla sijaondoka akaniomba nimtafutie Dar grisi nzuri ya ule usukani ulioliwa kutu, iliyopo hapa inayeyuka juani. Nimeshamtumia kwa basi.

Siku ya 8: Chimala hadi Matamba

Toka Chimala kwenda Matamba kuna kona 57. Zimeandikwa namba na mi nilikuwa nazihesabu kwa sauti mpaka dereva wa Noah akasema kaka acha, abiria wanatapika. Unaanza na joto la Usangu na kivesti, kona ya 30 unavaa shati, ya 50 unatafuta sweta. Ukigeuka nyuma bonde lote liko chini yako, la kahawia, na mistari ya kijani myembamba kama mishipa ya mkono. Hiyo mistari ni mifereji. Toka juu unaiona yote kwa mpigo, na mto wenyewe unautafuta usiuone.

Huku ni Makete, mbele yake ni Kitulo, ile hifadhi ya maua ya 2005, Bustani ya Mungu wanaiita. Nilitaka kufika mpaka huko ila mvua ya kwanza ilinyesha usiku na hakuna aliyekubali kunipeleka. Nikaishia kwenye kijito kimoja nyuma ya Matamba, nilivyoambiwa kinashuka kuingia mto Chimala, na Chimala unaingia Ruaha Mkuu. Maji ya baridi mpaka meno yanauma, masafi, mapana kama meza. Nikanywa kwa mikono nikiwaza yule kiboko mdogo.

Mita kumi toka nilipochuchumaa kuna shamba la viazi limelimwa hadi ukingoni, na pampu ya petroli imewekwa juu ya jiwe, mpira umeingia kijitoni. Mwenye shamba akaja, kijana mwenye koti zito na ndala. Nikamsalimia, kamwene, nikajiandaa kwa lile swali. Hakuuliza. Akaniuliza kama nanunua viazi.

Nikamwambia natokea Ruaha, nimefuata haya maji toka chini mpaka hapa. Akanitazama, akatazama kijito.

"Ruaha si ipo Iringa huko?"

Nikaanza kumueleza, Chimala, Usangu, Ihefu, tembo anachimba mchanga. Akanisikiliza kwa adabu kabisa mpaka mwisho. Afu akainama akavuta kamba ya pampu, mara ya kwanza ikakataa, mara ya pili ikawaka, na hatukusikilizana tena.